Gari ya mkononi haina historia ya sevisi: ninunue au niache?



Juzi dada mmoja wa Morogoro kanipigia. Kazi yake ni kupika kwenye shughuli: misiba, mahafali, vikao vya harusi. Kila shughuli anakodi gari ya kubebea masufuria, majiko na sahani, na amechoka kukodi. Sasa kapata Noah old model, namba C, anauziwa milioni 9. Hela aliyonayo yote ni milioni 10 na laki 2. Hapo ndani kuna akiba yake na kuna hela ya mtaji. Swali lake likawa hivi: "Kaka, mwenye gari hana hata karatasi moja ya sevisi. Nimesoma sehemu kwamba gari ya hivyo usiiguse. Niinunue au niiache?"

Nimemjibu kwa simu mpaka vocha ikaisha. Lakini najua swali hili mnalo wengi, hasa mnaotafuta Kirikuu, Noah au Probox ya kazi, kwa hiyo naliandika hapa lote.

Msimamo wangu ni huu. Kukosa karatasi za sevisi si sababu ya kuiacha gari. Ni sababu ya kushusha bei, na ni sababu ya kubakiza hela pembeni. Kama hayo mawili hayawezekani, hapo ndo uiache, hata iwe inang'aa vipi.

Huo ushauri wa "usiiguse" unatoka kwa watu wa nchi nyingine. Uingereza kwa mfano, gari ikishafika miaka mitatu inakaguliwa kila mwaka, na mtu yeyote anaweza kuingiza namba ya gari kwenye mtandao wa serikali akaona ilifeli nini na ilikuwa na maili ngapi. Juu ya hapo, mwenye gari ana kitabu kinachogongwa muhuri kila sevisi. Kule mtu akikwambia hana kitabu, una haki ya kushtuka. Japan nako wana ukaguzi wao wa lazima: gari mpya ya kawaida inakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili.

Sasa njoo kwetu. Gari inakaguliwa kama inafaa kuingia nchini, baada ya hapo maisha yake yote ni kati ya mwenye gari na fundi wake chini ya mwembe. Stika ya nenda kwa usalama haikwambii oili ilibadilishwa lini. Ukisema unataka gari ya mkononi yenye historia kamili ya sevisi kwenye karatasi, mwenzangu, utatembea kwa mguu mpaka uzeeke. Gari kama hizo zipo, za baadhi ya mashirika na watu wachache makini, lakini sisi wa milioni 7 hatukutani nazo.

Kwa hiyo swali lenyewe tuligeuze. Historia ya gari ipo. Haijaandikwa tu. Je, unaweza kuitafuta? Na ile sehemu utakayoikosa, nani ataibeba gharama yake, wewe au muuzaji?

Mimi nilijifunza hili kwa maumivu, acha niwaambie.

Nauza mayai. Nachukua kwa wafugaji wa Kibaha na maeneo ya jirani, nasambaza kwenye maduka na kwa wauza chipsi huku mjini Dar. Mwaka 2019 nilinunua Kirikuu ya kwanza kwa milioni 6 na nusu. Milioni 4 zilikuwa zangu, milioni 2 na nusu mama watoto alikopa kwenye kikoba chao kwa jina lake. Dalali alinipa maneno yale yale mnayoyajua: gari ya mtu mzima, haina mgogoro, haidai hata mia, ni kuwasha na kuondoka. Nikamuuliza mwenye gari, "Iko poa?" Akanijibu, "Iko poa." Nikazunguka, nikapiga tairi teke kama wanavyofanya wanaume wote wasiojua gari, nikalipa.

Wiki ya saba, natoka Kibaha na trei 210 nyuma. Kipindi kile upanuzi wa barabara ya Kimara mpaka Kibaha unaendelea, foleni ya kufa mtu. Tulipofika Kibamba mshale wa joto ukapanda. Mimi na ugeni wangu nikasema tutafika, tukisimama hapa mayai yatakaa juani. Nikaendelea. Mbele kidogo injini ikaanza kugonga, ikazima, haikuwaka tena.

Fundi alipofungua akaniita nione. Thermostat haipo, ilishatolewa zamani. Ndani ya rejeta ni maji ya bomba yenye kutu, rangi ya chai ya maziwa. Hedi imepinda, injini imenoki. Injini ya mtumba ilikuwa milioni 1 na laki 6, ufundi na vikorokoro laki 2 na nusu. Hiyo milioni 1 na laki 8 na nusu niliitoa wapi? Kwenye hela ya mayai. Wafugaji wawili niliwachelewesha malipo, mmoja akahamia kwa mnunuzi mwingine na mpaka leo hajarudi. Na kikoba hakisubiri injini ya mtu. Mama watoto alisimama mbele ya wenzake kumi na tisa kuomba aongezewe muda. Alirudi nyumbani hakunigombeza, akapika, tukala. Ningependa angenigombeza.

Nimekaa nikafikiria sana baadaye. Yule muuzaji hakunidanganya. Sikumuuliza chochote ambacho angeweza kunidanganya. "Iko poa?" si swali, ni salamu.

Watu wananiambia, "Aah, wewe ulipigwa kwa sababu gari haikuwa na historia." Hapana. Kirikuu ya pili, ambayo ndo ninayo mpaka leo, nayo haikuwa na karatasi ya sevisi hata moja. Tofauti ni kwamba safari hii niliitafuta historia mwenyewe, na hela ya yale ambayo sikuyapata nilimkata muuzaji.

Naanza na kilichonisaidia kuliko vyote: fundi wa muuzaji.

Kila gari inayotembea mjini ina fundi wake. Mwenye gari hakumbuki alibadilisha oili lini, lakini jina la fundi analo kwenye simu. Muulize tu kama mnapiga stori: "Fundi wako nani? Nipe namba yake, ninunue nisinunue, nataka mtu anayeijua hii gari." Halafu tulia umtazame. Mwenye gari aliyeitunza anafurahi, anakutajia na gereji ilipo. Asiye na la kuficha lakini mzembe atasema napeleka popote. Anayeficha ataanza kujiuma: fundi kasafiri, fundi kahama, fundi simu yake imeibiwa.

Na ukimpata huyo fundi usimuulize kama gari ni nzuri, maana atamtetea mteja wake. Muulize ni kitu gani cha mwisho alichofunga, na ni kitu gani alimshauri mwenye gari abadilishe akakataa. Mafundi wanapenda sana kueleza jinsi wateja wasivyowasikiliza. Kuna Kirikuu moja ya Tabata nilikuwa nimeshaipenda, nyeupe, bodi safi. Nikampigia fundi wake. Akacheka, "Ile? Ile nilimwambia kabisa auze kabla ya mvua." Sikuuliza zaidi.

Cha pili kipo kwenye simu ya mwenye gari: meseji za malipo. Siku hizi nani analipia spea kwa keshi? Muuzaji wa hii gari yangu alikuwa mzee mmoja mstaafu, hana karatasi, lakini akasema subiri kijana. Akavaa miwani, akafungua meseji za simu yake, akaanza kunionyesha: hii hapa nilimtumia fundi, hii ya duka la spea Ilala, hii ya betri. Zina tarehe, zina kiasi. Nikaona kila baada ya miezi mitatu au minne kuna hela inaenda kwa fundi yule yule. Kwangu mimi hiyo ni historia ya sevisi kuliko kitabu chenye muhuri, kwa sababu meseji ya miaka miwili iliyopita huwezi kuitunga leo asubuhi.

Maana karatasi zinatungwa, jamani. Kabla ya yule mzee, kijana mmoja aliniletea daftari safi, sevisi za miaka mitano zimeandikwa tarehe na kilomita. Nikafurahi. Kuja kuangalia vizuri, peni ni moja, mwandiko mmoja, hakuna hata ukurasa wenye doa la oili. Daftari gani la gereji halina doa? Na zile kadi za oili zinazoning'inizwa kwenye injini, mtu anazipata bure dukani na kuandika anachotaka. Kwa hiyo anayenunua gari kwa sababu tu ina karatasi naye ana hatari yake, tena kubwa, kwa sababu hatakagua.

Kama muuzaji ndiye aliyeiagiza gari kutoka Japan, mwombe zile karatasi za kuagizia, nyingi zipo kwenye barua pepe yake. Cheti cha kuuzia nje huwa kinaonyesha kilomita. Karatasi ya mnada inaonyesha kilomita pamoja na alama waliyoipa gari, kama 4 au 3.5. Ukiona R, ujue iliwahi kupata ajali ikatengenezwa. Linganisha kilomita hizo na zilizopo kwenye dashibodi leo. Niliwahi kukuta gari iliyotoka Japan na kilomita 118,000, imetembea Dar miaka mitano, na dashibodi inasoma 96,000. Gari iliyopungua umri! Hapo hamna mjadala, unaaga tu kwa heshima.

Kama hana karatasi hizo, fungua mlango wa dereva uangalie kwenye fremu yake, halafu angalia na ndani ya boneti. Gari nyingi zinakuja na stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili, na wakati mwingine ya belti. Herufi hutazielewa lakini namba ni namba. Kilomita utaziona, na mwaka wao huandikwa kwa hesabu yao: ukikuta 25 na enzi ya Heisei, jumlisha 1988, unapata 2013. Stika ikisema oili ilibadilishwa kwenye kilomita 104,000 na dashibodi ina 80,000, umeshapata jibu.

Haya, gari yenyewe. Sitaki kuwafundisha ufundi, mimi si fundi. Nina jambo moja tu nasisitiza: ione gari ikiwa ya BARIDI. Mwambie muuzaji utakuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi na asiiwashe. Ukifika weka mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, ujue kuna mtu kaamka mapema kukuzidi akili. Gari ikiwa baridi ndo unaweza kufungua mfuniko wa rejeta bila kuungua ukaona maji yakoje, ndo unavuta kijiti cha oili ukaona uzito na rangi, ndo unasikia inavyowaka mara ya kwanza. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usioisha hata gari ikipata moto, kuna maji yanaingia pasipotakiwa. Mshale wa joto usipande, lakini pia ukikaa chini kabisa mwendo mrefu jiulize kama thermostat ipo. Huko ndiko mimi nilikochomekea milioni 1 na laki 8 na nusu, kwa hiyo nisamehe nikilirudia: kofia ya rejeta, asubuhi, gari baridi. Dakika moja.

Makaratasi ya umiliki siyarefushi. Kadi halisi ya gari uione, jina liwe la anayekuuzia au kuwe na mkataba unaoeleweka, faini za trafiki ziangalie mtandaoni kwa namba ya gari, na umiliki uhamishwe TRA mapema, si "tutafanya mwezi ujao".

Sasa fundi wako, yule unayekwenda naye kukagua. Hapa watu wengi wanapigwa bila kujua. Fundi anapata cha juu kwa dalali gari ikinunuliwa. Simlaumu, njaa ni njaa. Lakini ukimwambia "tukinunua nitakuona", umeshamnunulia jibu. Mimi nampa fundi 50,000 kabla hatujafika, namwambia hiyo ni yako hata tukiiacha, na tukiiacha hii tutaenda kuona nyingine na utapata tena. Ghafla anaanza kuona makosa ambayo angeyapita. Halafu simuulizi kama gari ni nzuri. Namuuliza, "Hii ingekuwa yako, wiki ya kwanza ungebadilisha nini, na kwa bei gani?" Anaanza kutaja, mimi naandika kwenye simu mbele ya muuzaji.

Hiyo orodha ndo silaha yako kwenye bei. Yule mzee alikuwa anataka milioni 7 na laki 8. Kweli alikuwa anabadilisha oili, lakini vitu vingine hakuwa na uhakika navyo, na mimi nikasema kila kisicho na uhakika tunahesabu kama hakijafanyika. Oili na filta 75,000. Plagi tatu, maana injini ni silinda tatu, 45,000. Oili ya gia na difu 70,000. Kulanti na mipira miwili ya rejeta 60,000. Breki za mbele na nyuma 95,000. Tairi mbili zilizochoka 180,000. Ufundi 80,000. Jumla 605,000. Nikamwonyesha. Hakupenda, akasema gari yake haina shida hizo zote. Nikamjibu, "Mzee, naweza kukuamini, lakini nikikuamini nikakosea nalipa mimi peke yangu. Tugawane." Tukakubaliana milioni 7 na laki 3. Nikapeleka gari kwa fundi siku ile ile kabla haijabeba hata trei moja, nikafanya vyote. Jumla ikanigharimu milioni 7 na laki 9 kasoro shilingi... hapana, milioni 7, laki 9 na elfu 5. Imezidi kidogo bei aliyoitaka mwanzo, lakini naijua gari yangu kuanzia kilomita ya siku ile.

Kuna kosa jingine nililifanya mara ya kwanza ambalo naliona kila siku kwa wenzangu. Mtu ana milioni 8, anatafuta gari ya milioni 8. Gari ya kazi isiyo na historia hainunuliwi kwa hela yote. Mtu wa ofisini gari yake ikiharibika anapanda daladala, anaenda kazini, mshahara unaingia. Wewe gari ikilala, biashara imelala nayo. Hesabu ya hasara si bei ya spea tu. Ongeza kukodi gari ya mtu, ongeza mteja aliyeona umechelewa siku mbili akachukua kwa mwingine, ongeza mzigo ulioharibika. Wale wauza chipsi wangu hawajali kama gari imekufa Kibamba, wao wanataka trei saa tatu asubuhi.

Ndo maana nasema baada ya kulipia gari na ile sevisi ya kwanza, ubaki na hela ya kuweza kubadilisha injini ya mtumba bila kugusa mtaji wa bidhaa. Kwa Kirikuu kwangu mimi ni kama milioni 1 na nusu mpaka 2. Hiyo hela haipo? Endelea kukodi. Mimi nilikuwa nakodi kwa 40,000 kwa safari, mara tatu kwa wiki, inauma, inafika laki 4 na 80 kwa wiki nne. Lakini siku gari ya kukodi inapochemka, ni ya mwenyewe. Unahamisha mzigo, unaondoka. Kukodi kuna dharau zake ila hakukuamshi usiku.

Wengine watasema basi agiza Japan, uachane na za mkononi. Kama hela inatosha na unaweza kusubiri meli, sawa, utapata angalau karatasi ya mnada. Lakini nayo si kitabu cha sevisi, na gari ikishakuwa kuukuu ushuru wa uchakavu unakusubiri bandarini. Wenzetu Kenya gari iliyozidi miaka minane hairuhusiwi hata kuingia. Sisi inaingia, ila unailipia. Mfanyabiashara wa milioni 7 ukimwambia aagize, unamwambia asubiri mwaka mwingine.

Na si kila gari naitetea hapa. Ninayoyasema ni ya gari zile rahisi ambazo kila fundi anazijua na spea zake zimejaa mjini. Gari yenye giaboksi ya CVT, au dizeli yenye taabo, au haibridi, isiyojulikana imetunzwaje, mimi siigusi hata kwa punguzo la milioni 2, kwa sababu kitu kimoja tu kikifa kinaweza kula punguzo lote na kikadai chenji. Najua wapo wanaozitumia na wanafurahi. Heri yao.

Turudi kwa dada yetu wa Morogoro. Noah old model zile za injini ya 3S zinatumia taimingi belti, na belti haionekani kwa nje. Desturi ni kuibadilisha kwenye kilomita 100,000. Muuzaji hajui ilibadilishwa lini, kwa hiyo kwenye hesabu yetu haijabadilishwa kamwe, na ikikatika gari inazima hapo hapo, na masufuria ya pilau nyuma, na watu wanasubiri kwenye msiba. Belti, tenshena yake, wota pampu ukishafungua, oili zote, breki. Namba C, ina miaka mingi barabarani, tusijidanganye.

Nikamwambia: kwa milioni 9, usinunue. Si kwa sababu ya karatasi. Ni kwa sababu utabaki na milioni 1 na laki 2, sevisi ya kwanza itakula zaidi ya nusu, na mwezi ujao una mahafali mawili ya kununulia mchele na nyama kabla hujalipwa. Kwa milioni 7 na nusu, fundi wake akipatikana na gari ikiwaka vizuri ya baridi, fikiria. Juu ya hapo, kodi mpaka Desemba ipite, hela iongezeke.

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Kaka, namba ya fundi nilishamuomba. Kasema fundi wake kahamia Mbeya."

Nikamuuliza, Mbeya hakuna simu?

Akacheka. Alhamisi anaenda kuiona saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na fundi wake mwenyewe, 50,000 ameshamlipa.